Zimwi Likujualo

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tangu utotoni tumeisikia methali hii ikitumiwa kuwanasihi watu waliokorofishana na jamaa zao, wapate kuelewa kuwa ndugu, hata akiwa mkali namna gani, hukosa moyo wa kummaliza ndugu yake. Katika makala haya tunakusudia kuitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na maneno yenyewe. Tunataka kuzungumza juu ya mazimwi hasa, yaani yale ya sinema za kutisha, na juu ya watu ambao kwa miaka mingi walikaa mbele ya mazimwi hayo usiku wa manane, katika vituo vya televisheni vya miji ya Marekani, wakiwakaribisha watazamaji kama mwenye nyumba akaribishavyo wageni barazani. Watu hao wamekwisha kutoweka karibu wote, na wale waliowatazama wakiwa watoto huwakumbuka kwa huzuni ambayo mgeni hawezi kuielewa upesi.

Huenda msomaji akajiuliza: jambo hili la Marekani lina nafasi gani katika kitabu kinachohusu utamaduni wa taifa letu? Swali hilo ni la haki. Mwezi wa Desemba mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kuwa utamaduni ndio roho ya taifa, akasikitika kwamba tulikuwa tumefundishwa kuzidharau ngoma zetu. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya pia kwamba taifa likataalo kujifunza kutoka kwa wengine halina akili timamu. Basi sisi tunaona kuwa Wamarekani wa kawaida, bila kukusudia, waliwahi kulijibu swali linalotusumbua hata sisi leo: hadithi ya kigeni inapoingia nyumbani mwa watu, ni nani anayeipokea mlangoni?

Sisi tuliishi katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kuanzia mwaka 1979 hadi mwaka 1982, tulipokuwa masomoni. Ni mji uliojengwa mahali ambapo mito miwili, Allegheny na Monongahela, inakutana na kuzaa mto wa tatu, Ohio. Wakati ule kando ya Monongahela bado palikuwa na viwanda vya chuma cha pua vilivyofuatana kwa maili nyingi, na usiku anga la upande ule lilikuwa jekundu kama la mahali panapochomwa mkaa. Tulipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa tanuri, na ambaye mwanawe wa kiume alifanya kazi hiyo hiyo. Mama huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa muda wa miezi mitatu ya mwanzo mazungumzo yetu naye hayakuvuka salamu, kodi, na hali ya theluji.

Kilichouvunja ukimya huo kilikuwa ni sinema ya kutisha. Jumamosi moja usiku mama huyo alitugongea mlango, akatuambia kwamba si vizuri mtu kukaa peke yake saa kama hiyo ilhali Billy yumo sebuleni. Tulidhani amefikiwa na jamaa yake. Tulipoingia sebuleni tulimkuta mwanawe, ambaye alikuwa ametoka katika zamu ya jioni na ambaye kopo lake la chakula lilikuwa bado miguuni pake, na watoto wawili wa jirani waliojifunika blanketi moja. Wote walikuwa wanaikabili televisheni. Billy mwenyewe alikuwa humo ndani ya televisheni, katika idhaa ya 11: bwana wa makamo, mwenye suti safi na tabasamu la muuza duka anayewajua wateja wake.

Jina lake kamili lilikuwa Bill Cardille. Watu walimpa jina la Chilly Billy, yaani Billy wa Ubaridi, ule ubaridi unaompanda mtu mgongoni anapoogopa. Kipindi chake kiliitwa Chiller Theatre, nacho kilikuwa kimeanza mwaka 1963. Kazi yake ilikuwa kuonyesha sinema za mazimwi, wanyonya damu, wafu wanaotembea na wadudu waliokua kupita kiasi. Na baina ya kipande na kipande cha sinema akatokea yeye pamoja na jamaa zake wa kuigiza, akina mlinzi wa kasri na mchokozi wa kasri, wakafanya vichekesho ambavyo, tukisema kweli, vingine havikuchekesha sana. Kasri lenyewe lilikuwa la mbao na rangi, na hakuna aliyejaribu kumficha mtazamaji jambo hilo.

Tulistaajabu jinsi watu wa nyumba ile walivyomzungumzia mtu huyo. Walimtaja kama mtu anavyomtaja mtoto wa shangazi yake. Baadaye tulielewa sababu. Kituo kile kilipoanza kurusha matangazo yake mwaka 1957, sauti ya kwanza kusikika ilikuwa yake. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akitangaza mieleka iliyochezwa studioni, na ndiye aliyeongoza kila mwaka matangazo ya kuwachangia fedha wagonjwa wa maradhi ya misuli. Kwa hiyo zimwi lilipotokea saa saba za usiku, lililetwa na mkono uliokwisha kufahamika. Mtoto aliyejifunika blanketi alijua kuwa kipande kile kikali kitakapokwisha, Billy atarudi. Na Billy alirudi kila mara.

Hebu sasa tuitazame asili ya desturi hii, kwa maana haikuzuka yenyewe. Mwaka 1954, katika mji wa Los Angeles, mwigizaji Maila Nurmi aliajiriwa na kituo cha KABC kuonyesha sinema za zamani usiku. Alivaa gauni jeusi la kubana, akajiita Vampira. Alikuwa akija polepole katika ukumbi uliojaa ukungu, anafika mbele ya kamera, kisha anapiga ukelele. Kipindi chake hakikudumu hata miaka miwili, lakini kilionyesha njia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1957 kampuni ya Screen Gems iliviuzia vituo vya televisheni fungu la sinema 52 za zamani za kampuni ya Universal, zikiwemo *Dracula* na *Frankenstein* zote za mwaka 1931. Fungu hilo liliitwa *Shock!* Vituo vilikuwa na saa nyingi za usiku zisizo na kazi, na sinema hizo hazikuwa ghali. Lakini nyingi zilikuwa kuukuu, na watu wazima walikwisha kuziona. Ilipasa apatikane mtu wa kuzitia uhai.

Mtu huyo hakutafutwa mbali. Aghalabu alikuwa mfanyakazi wa kituo chenyewe: mtangazaji wa habari za hali ya hewa, msomaji wa matangazo ya biashara, au mwigizaji wa vipindi vya mchana. Jioni alijipaka unga usoni, akavaa koti la mzika maiti, akaingia katika jeneza la mbao za sanduku. Huko Philadelphia, John Zacherle alijulikana kwa jina la Roland. Mwaka uliofuata alihamia New York, akawa Zacherley. Yeye alizungumza na mke wake asiyeonekana, aliyelala ndani ya jeneza. Huko Cleveland, kuanzia mwaka 1963 hadi mwaka 1966, Ernie Anderson, aliyejiita Ghoulardi, alilipua fataki studioni na kujipachika mwenyewe ndani ya sinema, hata mtazamaji akamwona anakimbizwa na jitu katika pango ambalo lilipigwa picha miaka mingi kabla yake. Huko Detroit, Lawson Deming, kwa jina la Sir Graves Ghastly, aliwaonyesha watazamaji michoro waliyomletea watoto kwa posta. Huko Chicago, Jerry G. Bishop alianza mwaka 1970 kipindi cha Svengoolie, ambacho kilirithiwa na Rich Koz mwaka 1979, na ambacho kuku wake wa mpira wanaorushwa studioni wamekuwa mashuhuri kuliko sinema nyingi zilizoonyeshwa humo.

Msomaji ataona kwamba kila mji ulikuwa na wake. Hili ndilo jambo la kushika. Sinema zilikuwa zile zile. *Frankenstein* ya Philadelphia haikuwa tofauti hata kidogo na ile ya Chicago. Kilichobadilika ni kinywa kilichoileta. Mkaribishaji alitaja mitaa ya mji wake, akaudhihaki mji wa jirani, akatania timu ya mpira iliyoshindwa wiki hiyo, akaiga lafudhi ya watu wa sokoni. Zimwi lililotengenezwa California likawa, kwa saa mbili, zimwi la kwao.

Tunapoyafikiria hayo, hatuwezi kuacha kumkumbuka mtambaji wa hadithi katika vijiji vyetu. Bibi aliyesema “Paukwa!” na kungoja kuitikiwa “Pakawa!” alikuwa akifunga mkataba na wasikilizaji wake. Kwa maneno mawili hayo walikubaliana kwamba wanatoka pamoja katika dunia ya kila siku, na kwamba yeye anayewatoa ndiye atakayewarudisha. Zimwi katika hadithi yake lilikuwa na njaa kweli kweli, na watoto walisogeleana kweli kweli. Hata hivyo lilikuwa limo katika sauti ya bibi, na bibi alijulikana: ndiye aliyepika uji asubuhi, na ndiye ambaye angewafunika nguo usiku. Pale mtoto mmoja alipozidiwa na hofu, bibi aliongeza neno la mzaha, zimwi likajikwaa, wote wakacheka. Sinema peke yake haiwezi kufanya hivyo. Sinema haijui kama mtoto analia. Wakaribishaji wale wa usiku, kwa nguo zao za mitumba na majeneza yao ya mbao, waliirudishia mashine ile kitu ambacho ilikuwa imekipokonya katika hadithi, yaani uso wa msimulizi.

Usiku mmoja, katikati ya matangazo ya biashara, mama mwenye nyumba alituuliza kama kwetu pia kuna mazimwi. Tulimjibu kuwa yapo ya kutosha. Akataka asimuliwe. Tulimfundisha kwanza kuitikia “Pakawa”, naye aliitikia kwa haya kidogo, kisha tukamsimulia, kwa Kiingereza chetu cha darasani, hadithi ya msichana aliyesahau kombe lake ufuoni, akarudi kulitafuta, akakutana na zimwi lililomtia ndani ya ngoma. Mwanawe alizima sauti ya televisheni ili asikie. Hadithi ilipokwisha, mama yule alikaa kimya, kisha akasema kwamba bibi yake, aliyetoka Slovakia, alikuwa na hadithi za namna hiyo: wafu wanaorudi kudai haki yao, na mwanamke wa majini avutaye vijana. Alizisikia zote jikoni. Lakini yeye hakumsimulia mwanawe hata moja. Enzi za ujana wake, alisema, mtoto wa mhamiaji alitaka awe Mmarekani upesi, na hadithi za jikoni zilikuwa kama harufu ya kabichi katika nguo: mtu alizifua kabla hajatoka nje.

Mwanawe, mtu wa miaka 30 na zaidi, akamgeukia akamwuliza kwa nini hakumwambia kamwe. Mama alinyoosha kidole kwenye televisheni, akajibu kwamba alidhani anazipata pale.

Jibu hilo limekaa nasi miaka yote hii, kwa kuwa lina ukweli wa pande mbili. Kwa upande mmoja lilikuwa sahihi. Wanyonya damu na wafu wa sinema za Universal walitoka katika ngano za Ulaya ile ile ya bibi yake. Zilikuwa zimekwenda Hollywood, zikavishwa nguo mpya, kisha zikarudi sebuleni kwa wajukuu wa waliozitunga, zikiongozwa na Billy. Kwa upande wa pili lilikuwa ni jibu la hasara. Hadithi za bibi yule wa Slovakia, kwa maneno yake na mzaha wake, zilikuwa zimekwisha kufa katika ukoo huo. Televisheni ilileta zimwi, lakini haikumleta bibi. Mkaribishaji alikuwa ndiye mtu wa karibu zaidi na bibi aliyebaki, na hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo sababu watu walimpenda kupita thamani ya vichekesho vyake.

Yafaa pia tuseme alichozalisha, maana si haki kumhesabia mkaribishaji faraja peke yake. Mwaka 1968 kikundi cha vijana wa Pittsburgh waliokuwa wakitengeneza matangazo ya biashara, wakiongozwa na George A. Romero, walitoa sinema yao wenyewe, waliyoipiga kwa fedha kidogo katika mashamba ya karibu na mji. Sinema hiyo, *Night of the Living Dead*, inahusu wafu wanaofufuka na kula walio hai. Shujaa wake aliigizwa na Duane Jones, Mwafrika wa Marekani, jambo lisilo la kawaida katika sinema za siku zile, na mwisho wake, ambapo shujaa huyo anapigwa risasi na watu waliokuja kuokoa, uliwachoma watazamaji wa mwaka ule alipouawa Martin Luther King. Ndani ya sinema hiyo yumo mwandishi wa habari wa televisheni anayewahoji wasakaji wa wafu. Ni Bill Cardille, aliyeigiza nafasi ya mtangazaji na kuliitia jina lake mwenyewe. Binti yake, Lori Cardille, aliigiza nafasi kuu katika sinema ya Romero ya mwaka 1985, *Day of the Dead*. Kwa hiyo mji ambao kwa miaka mitano ulikuwa umeonyeshwa mazimwi ya watu wengine na mtu wa kwao, ulifika mahali ukatengeneza ya kwake, nayo yakaenea dunia nzima. Hatusemi kuwa mkaribishaji ndiye aliyeisababisha sinema ile. Tunasema kwamba mtu aliyezoea kuona hadithi ikishikwa na mikono ya mwenzake wa mtaani, haoni ajabu siku anapoamua kuishika mwenyewe.

Tena kuna faida nyingine inayowahusu hasa walimu. Mkaribishaji aliikatiza sinema. Alionyesha uzi uliomning'iniza popo, akaicheka ndevu iliyobanduka, akauliza kwa nini msichana anakimbilia darini ilhali mlango wa nje uko wazi. Wakosoaji wa siku hizo waliona kuwa huko ni kuiharibu kazi ya sanaa. Lakini watoto walifundishwa hapo, bila kujua, kwamba sinema ni kitu kilichotengenezwa na watu, na kwamba mtazamaji ana haki ya kuijibu. Somo hilo ni kubwa. Wako watu wazima wenye shahada ambao hawajalipata.

Hata hivyo tusipake asali kila mahali. Mzaha wa mkaribishaji uliweza kuumiza. Ghoulardi aliwadhihaki bila kuchoka wakazi wa Parma, kitongoji cha Cleveland, ambao wengi wao walikuwa na asili ya Ulaya Mashariki, hata wakazi wenyewe wakalalamika. Wakaribishaji wa kike nao mara nyingi walitakiwa kuuza umbo lao kabla ya maneno yao. Mwenyeji mwema na mwenyeji mchokozi wote ni wenyeji, na kuwa wa kwetu peke yake si cheti cha wema. Tunayakumbusha haya kwa sababu kutamani yaliyopita kuna tabia ya kufagia ua upande mmoja tu.

Basi ilikuwaje wakatoweka? Hapana aliyewafukuza kwa siku moja. Kuanzia mwaka 1975 mashirika makubwa ya televisheni yalizitia nguvu saa za Jumamosi usiku kwa kipindi cha *Saturday Night Live* kilichotoka New York, na vituo vya miji vikaona ni rahisi zaidi kupokea kuliko kutengeneza. Televisheni za waya na setilaiti zikaleta idhaa nyingi, na kanda za video zikamwezesha mtu kutazama sinema ya kutisha saa nane za mchana. Mwaka 1984 tume ya serikali ya mawasiliano iliondoa mipaka ya muda wa matangazo ya biashara. Tangu hapo saa za usiku ziliweza kuuzwa nzima nzima kwa wauza visu na dawa za kupunguza unene. Mkaribishaji aliyelipwa mshahara mdogo akawa ghali kuliko mteja anayelipa ili aonyeshwe.

Chiller Theatre ilikwisha mwishoni mwa mwaka 1983. Sisi wakati huo tulikuwa tumekwisha kurudi nyumbani. Katika mwaka uliofuata tulipata barua kutoka kwa mama mwenye nyumba. Alituarifu mambo mawili katika aya moja: kwamba mwanawe ameachishwa kazi pamoja na wenziwe wengi, na kwamba Billy haonyeshwi tena Jumamosi. Hakuyaunganisha mambo hayo kwa neno lolote, wala hakuhitaji kufanya hivyo. Kiwanda kikubwa cha Homestead, ng'ambo ya mto kutoka mtaa wetu, kilifungwa mwaka 1986. Watu wakatawanyika kutafuta kazi katika majimbo ya kusini na magharibi, na kule walikokwenda hakuna aliyejua Billy ni nani.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba mtu akimlilia mkaribishaji wa usiku, halilii kasri la mbao. Anaulilia mji ambao watu wake walicheka kitu kimoja kwa saa moja. Tena kilio hicho kinazidishwa na jambo la ufundi: vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja bila kurekodiwa, au kanda zake zilifutwa ili zitumiwe tena, kwa kuwa kanda zilikuwa na bei kubwa. Kipindi cha Vampira kimebakiza vipande vichache mno. Sinema zenyewe zipo zote, safi kuliko zilivyokuwa. Aliyepotea ni mwenyeji. Mwaka 2016 John Zacherle na Bill Cardille walifariki wote wawili, wa kwanza akiwa na miaka 98 na wa pili miaka 87, na wazee waliokuwa watoto chini ya mablanketi waliwaomboleza kama jamaa.

Turejee sasa nyumbani. Televisheni ilitufikia kwa kuchelewa: Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara katika miaka ya 1990. Lakini swali la mwenyeji wa hadithi tulikuwa nalo zamani. Kati ya mwaka 1935 na mwaka 1937 wakoloni walifanya majaribio ya sinema za mafunzo, makao yake yakiwa Vugiri huko Usambara, na lori lao lilizunguka vijijini na kuonyesha picha zilizofuatana na maelezo kwa lugha za wenyeji. Lugha ilikuwa yetu, ila kinywa hakikuwa chetu; mwenye lori ndiye aliyeamua nini kicheke na nini kiogopwe. Baada ya Uhuru, Radio Tanzania ilituletea kipindi cha Mama na Mwana, na sauti ya Debora Mwenda ikawa ya bibi wa nyumba nyingi kwa mara moja. Na baadaye, katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na miji mingine, wakatokea wasimulizi waliozitafsiri sinema za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani kwa Kiswahili, mashuhuri kati yao akiwa Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Uganda nao wana wasimulizi wao, na Kenya hali kadhalika.

Tumepata kukaa katika kibanda kimojawapo, juu ya benchi la mbao, na kuisikia sauti ya msimulizi ikimpa jambazi wa Hong Kong methali ya kumfaa na kumlinganisha na mtu anayekwepa nauli ndani ya daladala. Wasomi wenzetu wengi waliwacheka wasimulizi hao, wakadai kuwa wanapotosha maneno ya sinema. Ni kweli kwamba mengi hawakuyatafsiri, waliyatunga. Lakini sisi tuliokaa sebuleni Pittsburgh tulimtambua mtu huyo mara moja. Alikuwa ni Billy. Alikuwa ni bibi. Alikuwa anafanya kazi ile ile ya kulikalisha zimwi la kigeni kitako, kulipa maji ya kunywa, na kulifundisha salamu kabla halijaruhusiwa kututisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tusemavyo. Lakini mwenyeji huyo hawezi kupona iwapo hayupo nyumbani. Leo mtoto wa Kitanzania anaweza kutazama sinema ya kutisha katika simu, chini ya shuka, pasi na mtu wa kusema Paukwa wala wa kuitikia. Sinema humaliza, nyingine huanza yenyewe. Hatupendekezi kuzipiga marufuku. Mgeni hafukuzwi kwa kuwa hatukuwahi kumwandalia kiti. Tunapendekeza tu kwamba mwalimu asione aibu kukaa katika kiti hicho: aitazame sinema pamoja na wanafunzi, aikatize, aulize uzi wa popo uko wapi, na aulize zimwi hili linafanana na lipi la kwetu. Na mwanafunzi anayesoma kurasa hizi aende kwa wazee wake, au kwa msimulizi wa kibanda cha mtaani kwake ikiwa bado yu hai, akaandike majina, vibwagizo na mizaha yake kabla havijafutwa kama zile kanda za Marekani.

Mama yule wa Pittsburgh alikuwa na hadithi za bibi yake kichwani kwa miaka 60, na mwanawe alikuwa amekaa naye chumba kimoja kila Jumamosi. Ilitosha mtu mmoja kuuliza. Kwetu sisi waulizaji hawajaisha, na waulizwao, ijapokuwa wanapungua, bado wapo.